Kuwaingiza kuku wadogo katika kundi la wakubwa

Swali: "Nina matetea sita na jogoo mmoja ninaowafuga nyuma ya nyumba kwa mwaka wa pili sasa. Nilinunua vifaranga watano wa siku moja, nikawalea kwenye bruda (kizimba chenye joto cha kulelea vifaranga) na baadaye kwenye kibanda chao wenyewe, na sasa wana wiki tisa. Juzi niliwafungulia ili wachanganyike na wakubwa uwanjani. Muda si mrefu mmoja alikuwa anatoka damu kichwani na wengine wamejibanza kwenye kona, nikawarudisha. Je, nisubiri mpaka lini, nifanyeje nitakapojaribu tena, na aliyeumia nimhudumie vipi? Wanaweza kula chakula kimoja na wakubwa? Tena nahisi kwamba mmoja kati ya hao watano ni jogoo."

Jibu:

Ndugu msomaji, ulifanya vyema kuwarudisha kibandani mara ulipoona damu, na kilichotokea hakimaanishi kwamba kuku wako ni wakali kupita kiasi wala kwamba hao watano hawatakubaliwa kamwe. Kwa ufupi, nakushauri usiwaache huru pamoja kabla hawajatimiza wiki 12, uwaweke kwanza upande wa pili wa wavu kwa muda wa wiki mbili hivi wakionana bila kugusana, na siku utakapouondoa wavu huo uhakikishe kwamba kuku mdogo anayekimbizwa ana mahali pa kukimbilia ambapo mkubwa hawezi kumfuata. Hilo la mwisho ndilo wafugaji wengi hulisahau, na kwa maoni yangu lina uzito kuliko umri, kuliko hesabu ya siku, na kuliko mbinu zote za usiku zinazosifiwa.

Kuku huishi kwa daraja. Mtaalamu wa wanyama wa Norwei, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyekuwa amewachunguza kuku tangu utotoni mwake, alilieleza jambo hilo katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1922: kila kuku katika kundi anamjua anayeweza kumdonoa na anamjua asiyethubutu kumgusa. Daraja hilo likishatulia huleta amani, kwa sababu halina haja ya kupiganiwa kila siku. Watazame matetea wako wakati wa kula. Yule wa juu hunyanyua shingo, humkazia mwenzake jicho moja, na mwenzake huinamisha kichwa, hugeukia pembeni na kusogea hatua mbili. Jambo lote huisha kufumba na kufumbua, na usipokuwa makini hutajua kwamba kuna amri iliyotolewa na ikatiiwa.

Sasa waingize wageni watano mahali hapo. Hakuna hata mmoja wao mwenye nafasi, na nafasi haigawiwi kwa kundi zima kwa mpigo bali hutafutwa na kila jozi ya kuku peke yake. Matetea sita kwa wadogo watano ni jozi 30, na ukimhesabu jogoo zinakuwa 35, na kila jozi inapaswa kumalizana yenyewe ndipo uwanja utulie. Usishangae ukiona kwamba mkali kuliko wote si yule tetea wa juu, ambaye mara nyingi hutosheka kwa kudonoa mara moja na kuondoka, bali ni wa chini kabisa, ambaye sasa ndiyo kwanza amepata wa kumdonoa.

Kwa hiyo lengo lako lisiwe kuzuia kudonoana, maana huwezi, na ukiwaachanisha kila wanapogusana unaahirisha tu kile ambacho lazima kitokee. Lengo ni kwamba anayeshindwa aweze kushindwa haraka na salama, yaani adonolewe, akimbie, na ukimbizwaji uishie hapo. Tetea anayemfukuza mgeni huacha baada ya hatua chache ikiwa mgeni ametoweka machoni. Mgeni asipokuwa na pa kupotelea, kama hao wako waliojibanza kwenye kona, anaonekana kama anayekataa kuondoka, na anayekataa kuondoka huendelea kupigwa. Hapo ndipo ngozi ya kichwa inapochanika, damu inapotokea, na rangi nyekundu ya damu inapowavuta hata wale ambao hawakuwa na ugomvi wowote.

Umri wa wiki tisa ulikuwa mapema kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uzito na nguvu: kuku mdogo wa umri huo bado ni mwepesi mno kuliko tetea wa miaka miwili, na donoo ambalo kwa kuku mkubwa ni onyo tu kwake huwa jeraha. Ya pili ni kwamba bado ana sauti na mwenendo wa kifaranga, hajui kusoma dalili za onyo, na husimama akishangaa pale anapopaswa kuondoka. Kati ya wiki 12 na 16 mambo hayo mawili hubadilika sana. Hata hivyo usiifuate kalenda kuliko macho yako. Kama wadogo wako ni wa aina ya kuku wafupi, na wakubwa ni wa aina nzito, wiki 12 hazitatosha. Kipimo ninachokitumia mimi ni kwamba mdogo awe amefikia angalau theluthi mbili ya umbo la mkubwa. Upande mwingine, sioni faida ya kusubiri mpaka waanze kutaga, jambo ambalo kwa aina nyingi huanza kati ya wiki 18 na 22, kwa sababu utakuwa umeurundika msukosuko wa kuhamishwa juu ya msukosuko wa yai la kwanza. Jambo moja linaweza kuibatilisha hesabu hii yote, nalo ni tetea mwenye vifaranga wake mwenyewe: huyo huwaingiza watoto wake kundini wakiwa wadogo kabisa na huwatetea kwa mdomo na mabawa, wala hakuna mfugaji anayeweza kuifanya kazi hiyo vizuri kama yeye. Wako wamelelewa kwenye bruda, kwa hiyo kazi ni yako.

Kabla ya wavu, afya. Wafugaji wengi huwaza juu ya mapigano peke yake, ilhali ugonjwa unaweza kulimaliza kundi bila donoo hata moja. Mtu anayenunua kuku waliokwisha kukua anapaswa kuwatenga kwa wiki nne mahali palipo mbali na kundi lake, awe na viatu na vyombo vya huko peke yake, na kila siku awahudumie wa zamani kwanza ndipo aende kwa wageni. Wewe uliwanunua wakiwa wa siku moja na umekaa nao wiki tisa bila kutaja kikohozi, mafua wala kifo, kwa hiyo hatari ya wao kuwaletea wakubwa ugonjwa ni ndogo. Hatari iliyobaki ni ya kutoka upande wa pili, maana kuku mkubwa anaweza kuonekana mzima kabisa huku akitoa vimelea ambavyo mwili wake umeshavizoea.

Ugonjwa wa kuhara damu ndio mfano ulio wazi. Vimelea vyake hutoka na kinyesi, hukomaa kwa siku moja au mbili katika matandazo yenye joto na unyevu, kisha huliwa tena pamoja na chakula kilichomwagika chini. Kuku wengi wakubwa wameshajenga kinga. Wadogo waliokulia juu ya sakafu safi hawana. Ukiwatumbukiza ghafla katika banda lenye matandazo yaliyolowana, katika muda wa wiki moja hivi unaweza kuwakuta wamejikunyata, manyoya yamevurugika, mabawa yameshuka, na kinyesi kina damu. Dawa ipo, na amproliamu ya kuwekwa katika maji ya kunywa ndiyo inayotumika sana, lakini kinga iliyo bora ni banda kavu na kuzoea kidogo kidogo. Hii ni faida nyingine ya wavu ambayo watu hawaitaji: wadogo wakikaa wiki mbili juu ya ardhi ileile wanayokanyaga wakubwa, katika sehemu iliyo kavu, matumbo yao hukutana na vimelea hivyo kwa kiasi wanachoweza kukimudu.

Kuhusu ugonjwa wa Marek, ambao hupooza miguu na mabawa, chanjo yake hutolewa kifaranga akiwa wa siku moja, na kuichoma baada ya kuku kukutana na virusi hakusaidii. Muulize aliyekuuzia kama waliipata. Chanjo ya mdondo iwe imetolewa kwa makundi yote mawili, na ile ya mwisho iwe imepata angalau wiki mbili kabla ya siku ya kuchanganya ili kinga iwe imejengeka. Kama mkubwa yeyote wa kwako aliwahi kuugua mafua mazito ya kuvimba uso na kutokwa makamasi, zungumza kwanza na daktari wa mifugo, kwa sababu kuku aliyepona baadhi ya magonjwa hayo hubaki na vijidudu vyake maisha yake yote. Mwisho, mshike kila kuku, mpeperushe manyoya chini ya mabawa na kuzunguka sehemu ya kutolea haja utafute chawa na mayai yao yaliyogandamana kwenye mizizi ya manyoya. Utitiri mwekundu hutamwona mchana juu ya kuku. Nenda usiku na tochi, mulika chini ya fito za kulalia na katika nyufa za mbao. Usiwahamishie wadogo katika banda lenye utitiri hata kama umri wao umefika.

Sasa tuje kwenye wavu wenyewe. Ugawe uwanja kwa wavu wa waya wenye matundu yasiyozidi sentimita 2.5, ili kichwa cha mdogo kisipite upande wa pili, na uwekwe imara chini ili asiwepo wa kujipenyeza. Kisha weka vyombo vya chakula vya pande zote mbili karibu na wavu, vikitazamana, ili wale pamoja wakiwa wametenganishwa. Siku za kwanza matetea watakuja mbio, watasimamisha manyoya ya shingo na kuudonoa waya. Wadogo watarudi nyuma. Baada ya siku kadhaa utaona kwamba mkubwa anapita kando ya wavu akiwa na shughuli zake, haangalii hata kidogo, na wadogo wanalala jua karibu na waya bila wasiwasi. Kutojaliana huko ndiko unakokusubiri. Kukitokea siku ya kumi, vizuri. Kusipotokea baada ya wiki mbili, ongeza muda. Katika kipindi hicho, siku wakubwa wanapotolewa nje kutembea, wafungulie wadogo waingie katika uwanja na banda la wakubwa peke yao, walijue jengo, wazione njia za kutokea, wajue maji yako wapi. Anayepigana mahali asipopajua ameshindwa kabla hajaanza.

Nafasi ni jambo ambalo halina ujanja. Kwa kuku wa umbo la kawaida, kadiria mita za mraba 0.4 kwa kila mmoja ndani ya banda na mita moja ya mraba uwanjani. Kundi lako litakuwa na kuku 12, maana yake karibu mita tano za mraba ndani na 12 nje, na fito za kulalia zenye urefu wa jumla wa karibu mita tatu, kwa kuwa kila kuku huhitaji sentimita 20 hadi 25. Hivyo ni viwango vya kundi lililotulia. Kwa wiki za kuchanganya, ukiweza kuwapa eneo kubwa zaidi, hata kwa kuwafungulia nje ya ua chini ya uangalizi, wape. Kama banda lako lilijengwa kwa ajili ya kuku saba na hutaliongeza, basi tatizo lako halitamalizwa na ushauri wowote wa utaratibu, na ni afadhali kupunguza kuku kabla ya kuanza kuliko kuokota majeruhi baadaye.

Ndani ya nafasi hiyo tengeneza pa kukimbilia. Njia ninayoiamini ni hii: ukiache kibanda cha wadogo mahali pake, na kwenye mlango wake uweke ubao wenye tundu la upana wa sentimita 12 hadi 15 ambalo mdogo mkubwa kuliko wenzake anapita bila shida na tetea mdogo kuliko wote anakwama mabega. Vipimo hivyo ni vya kuanzia tu; kipimo halisi ni kuku wenyewe, kwa hiyo simama ujaribu kabla ya kuamini. Ndani ya kibanda weka chakula na maji, ili mdogo asilazimike kuchagua kati ya kushiba na kupigwa. Kwa wiki nne au tano zinazofuata wataingia na kutoka wapendavyo, na tundu litakuwa dogo kwao siku zilezile wanapoacha kulihitaji.

Uwanjani, ondoa kila kona isiyo na pa kutokea. Ziba kona za ua kwa ubao uliowekwa mshazari, ili anayekimbizwa ateleze na kuendelea badala ya kunaswa. Egemeza mbao ukutani kuacha upenyo nyuma yake, weka makreti yaliyotobolewa pande zote mbili, matawi yenye majani, gogo la kurukia, meza kuukuu. Chochote kinachokata mstari wa macho na chenye milango miwili kinafaa, na chenye mlango mmoja ni mtego. Vyombo vya chakula viwe vitatu au zaidi, na viwekwe mahali ambapo tetea mmoja akisimama kwenye kimoja hawezi kuviona vingine vyote, la sivyo ataviwekea ulinzi vyote peke yake. Nimewaona matetea wakifanya hivyo kwa bidii ya kusikitisha, wasile wao wala wasiwaache wengine wale.

Siku ya kuchanganya, waingize wote watano kwa pamoja, wala usijaribu kamwe kuanza na mmoja, kwa sababu mgeni mmoja hubeba madonoo yote ambayo yangegawanywa kwa watano. Mimi hupendelea kuanza saa moja au mbili kabla ya jua kuzama, wakati wakubwa wameshiba na fikra zao zimeanza kuelekea kulala. Kipindi huwa kifupi chenyewe na giza hukifunga bila wewe kumkimbiza mtu. Tundika mafungu ya majani mabichi sehemu mbalimbali ili midomo ipate kazi nyingine. Kaa hapo, na jizuie. Kesho yake anza mapema kidogo, na keshokutwa mapema zaidi, mpaka siku nzima ipite bila tukio la kukushtua.

Ni nini kikushtue? Donoo moja la kichwani, kukimbizwa hatua tano au sita, unyoya mmoja kuanguka, kelele kubwa kuliko kosa, vifua viwili kugongana na mmoja kuondoka, hayo yote ni mazungumzo yao ya kawaida. Kinachotaka mkono wako ni damu ya aina yoyote. Mkubwa anayepanda mgongoni kwa mdogo aliyelala chini na kuendelea kumdonoa ingawa amekwisha kusalimu amri. Wawili au watatu wanaoungana kumwandama mmoja. Na mkubwa anayevuka uwanja mzima kumtafuta mdogo ambaye hakumkaribia. Dalili nyingine haionekani kwa macho. Jioni wadogo wakishatulia, papasa gole la kila mmoja, yaani kile kifuko kilicho chini ya shingo upande wa kulia wa kifua. Aliyekula vizuri gole lake limejaa na kuumuka kama donge laini la unga uliokandwa. Asiyeruhusiwa kula utagusa ngozi iliyolegea na mfupa wa kifua ulio karibu mno. Gole tupu kwa jioni mbili mfululizo linakwambia kwamba vyombo vya chakula havitoshi au vimekaa vibaya, hata kama mchana uliona uwanja umetulia.

Akitokea tetea mmoja asiyekoma, mwondoe yeye, usimwondoe anayeonewa. Mweke mahali ambapo haoni wenzake kwa siku tatu au nne. Kundi litajipanga bila yeye, na atakaporudi atakuwa na shughuli ya kuitafuta tena nafasi yake, hatakuwa na muda wa kuwaandama wadogo. Ukimtoa anayeonewa badala yake, unamrudisha akiwa mgeni kwa mara ya pili, na yote huanza upya. Kuku wenye kishungi kikubwa cha manyoya kinachofunika macho wanahitaji huruma zaidi, kwa sababu hawaoni donoo linapotoka. Wapunguzie manyoya hayo kwa mkasi kabla ya kuwachanganya.

Huenda umeshauriwa uwaweke wadogo kwenye fito usiku kati ya wakubwa, ili asubuhi waamke wakidhani wamekuwa pamoja siku zote. Ni kweli kwamba kuku haoni vizuri gizani na hatapigana usiku, lakini sikubali kwamba alfajiri anasahau nani ni nani. Ukianza na mbinu hiyo, wadogo wataamka ndani ya banda lililofungwa, sehemu finyu kuliko zote, wakiwa wamezungukwa na wasiowajua, na wewe umelala. Ifanye iwe hatua ya mwisho, baada ya siku kadhaa za kuwa pamoja mchana bila ghasia, na asubuhi za kwanza uwahi kufungua mlango mara kunapopambazuka. Wengi hawahitaji hata kuwekwa. Hufuata wenyewe, wakalala wamesongamana mwisho wa fito ya chini. Ukiwakuta wamelala ndani ya viota, wanyanyue taratibu uwahamishie kwenye fito kila jioni mpaka wazoee, maana kiota kilicholaliwa hujaa kinyesi na mayai yatakuwa machafu.

Huyo aliyeumia, mwoshe jeraha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye kijiko cha chai cha chumvi katika nusu lita, umpake dawa ya kuua vijidudu vya jeraha iliyo salama kwa mifugo, na umkinge na nzi. Usimfungie peke yake mahali pa mbali. Mweke na mwenzake mmoja mpole, nyuma ya wavu ambako wengine wanamwona, vinginevyo atapoteza nafasi yake hata miongoni mwa wale wanne aliokua nao. Arudi ngozi ikishafunga na gaga limekauka au kudondoka, pasipo wekundu unaoonekana.

Kuhusu chakula, jibu ni ndiyo, wanaweza kula kimoja, ila kisiwe kile cha watagaji. Chakula cha kuku wa mayai huwa na kalsiamu ya takriban asilimia 3.5 hadi 4.5 kwa ajili ya maganda ya mayai, ilhali kuku anayekua huhitaji karibu asilimia moja tu, na kalsiamu iliyozidi kwa wiki nyingi huharibu figo zake. Kuwatenganisha walaji katika uwanja mmoja ni kazi isiyowezekana. Kwa hiyo wape wote chakula cha kukuzia, na katika chombo cha pembeni weka maganda ya chaza yaliyosagwa au chokaa ya mifugo ya punje. Matetea wanaotaga huyafuata wenyewe kwa kadiri wanavyohitaji na wadogo huyapuuza. Jogoo wako naye atanufaika, kwa kuwa hahitaji kalsiamu ya mtagaji. Soma tu lebo ya mfuko, kwa sababu baadhi ya vyakula vya vifaranga na vya kukuzia huwekwa dawa ya kuhara damu, na ikiwa imeandikwa kwamba chakula hicho si cha kuku wanaotaga, au kwamba mayai yasiliwe kwa siku fulani, lifuate neno hilo. Yai la kwanza la wadogo likionekana, warudishe wote kwenye chakula cha watagaji. Mayai ya wakubwa yatapungua kwa siku chache, pengine hata wiki mbili, kwa sababu ya msukosuko. Yakiendelea kupungua baada ya hapo, usiwalaumu wageni bila kwanza kutafuta utitiri, kunyonyoka manyoya, au kiota cha siri vichakani.

Limebaki la huyo unayemshuku kuwa jogoo. Katika wiki ya tisa upanga mkubwa wa kichwani ulioanza kuiva wekundu, miguu minene na kusimama wima ni dalili nzuri, lakini uhakika huja baada ya wiki 12 hivi, manyoya membamba yenye ncha kali na mng'ao yanapoota kiunoni karibu na mkia, kwa kuwa jike ana ya mviringo. Kwa sasa mwingize pamoja na wenzake. Jogoo wako mkubwa hatamwona kama mshindani, na tena mwache mkubwa huyo kundini wakati wa kuchanganya, kwa sababu majogoo wengi huingilia kati matetea wanapopigana. Hali hubadilika pora, yaani jogoo mchanga, anapofika miezi minne au mitano na kuanza kuwika na kupanda matetea. Ukiwa na matetea kumi, jogoo mmoja anatosha kabisa. Wawili katika uwanja wa nyuma ya nyumba watapigana, na matetea watabaki na migongo isiyo na manyoya kwa kupandwa mno. Amua kabla hajafika umri huo kama atauzwa, atachinjwa au atajengewa ua wake. Na kama unampenda yeye kuliko mzee, mtoe mzee kwanza ndipo umwachie kundi, usiwaache waamue wenyewe.